Pingyao, Xi'an au Nanjing: mji upi wa ukuta China kwa siku tatu?

Ngazi_za_Chokaa
Wadau, salaam. Naomba ulinganisho wa miji ya kale ya China yenye ukuta: Pingyao au Xi'an. Siku ni tatu, mwezi wa tano, na shabaha ni majengo yenyewe, si maduka. Kuta zote mbili, kwa sura iliyopo sasa, zilianza kujengwa mwaka 1370, mwanzoni mwa enzi ya Ming. Tofauti iko wapi hasa?

Mshindilia_Udongo
Mkuu, mwaka ni mmoja ila mambo ni mawili. Xi'an unakwenda kuona ukuta, Pingyao unakwenda kuona mji uliobaki ndani ya ukuta.

Ukuta wa Xi'an una mzunguko wa kilomita 13.7, kimo cha mita 12, na juu yake upana ni mita 12 hadi 14. Magari mawili yanapishana bila kugusana. Wa Pingyao ni kilomita 6 na ushei, kimo kama mita 10, na juu ni njia ya mita chache tu. Lakini ukishuka Xi'an unakuta maghorofa na foleni. Ukishuka Pingyao unakuta karibu nyumba 4,000 za zamani na mitaa iliyopangwa vilevile. UNESCO iliuingiza mji huo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1997.

Moyo wa kuta zote mbili ni udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Tofali la kuchoma ni ganda tu. Xi'an ilivikwa tofali mwaka 1568. Pingyao, upande wa ndani umeachwa udongo mtupu sehemu kubwa, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Udongo wa eneo lile ni mwepesi na laini: ukikauka hushika kama jiwe, ukilowa hupoteza nguvu. Tofali za sakafu ya juu zikipasuka, maji huingia, udongo huvimba na kusukuma ganda la nje. Mvua kubwa ya Oktoba 2021 iliangusha kama mita 25 za ganda la nje kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo usitegemee kuuzunguka wote kwa miguu. Baadhi ya vipande hufungwa.

Reli_na_Ramani
Naongezea ya safari. Treni ya kasi kutoka Xi'an Kaskazini hadi Pingyao Gucheng ni kama saa tatu. Angalia jina la stesheni unapokata tiketi: Pingyao Gucheng ni ya treni za kasi na iko kilomita kadhaa nje ya mji, ilhali stesheni ya zamani inayoitwa Pingyao tu iko jirani na ukuta. Wengi hukosea hapo. Pasipoti ndiyo tiketi yako.

Xi'an, panda kwenye lango la kusini, Yongning, ukodi baiskeli huko huko juu. Mzunguko mzima ni saa moja na nusu hadi mbili. Kivuli hakuna, na tofali zinatikisa mikono, kwa hiyo anza asubuhi. Mvua ikinyesha baiskeli hazikodishwi.

Mwana_wa_Ramani
Ukuta wa Xi'an si ni ule wa Chang'an, yaani Xi'an ya kale, ya enzi ya Tang iliyotangulia Ming?

Mshindilia_Udongo
Hapana, ndugu. Ukuta wa Tang ulikuwa na mzunguko wa kilomita 36 hivi. Wa Ming ulifuata msingi wa mtaa wa kifalme tu, hasa upande wa kusini na magharibi, kisha ukapanuliwa kaskazini na mashariki.

Ukiwa juu, tazama vitokezo 98 vinavyochomoza nje, kila kimoja mita 120 kutoka mwenzake. Mshale ulifika mita 60 hivi kwa shabaha, basi wapiga mishale wa vitokezo viwili walikutana katikati na adui hakupata pa kujificha chini ya ukuta. Langoni, tazama ua uliofungwa pande zote mbele ya mlango mkuu, wenyewe huuita wengcheng. Adui akivunja mlango wa kwanza anajikuta ndani ya ua huo, anapigwa kutoka juu pande nne.

Ukhti_Barazani
Kwa wanaoswali, na hata wasioswali, Xi'an ina Msikiti Mkuu katika mtaa wa Wahui, Waislamu wa Kichina. Majengo mengi ni ya Ming. Hakuna kuba: nyua zinafuatana kutoka mashariki kwenda magharibi, maana kibla kiko magharibi, na mnara ni jumba la pembe nane lenye paa za Kichina. Ukumbi wa swala ni wa Waislamu tu, wengine huishia nyuani. Chakula halali kipo mtaa mzima. Jaribuni paomo, mkate unaovunjwa vipande vidogo ndani ya supu ya kondoo. Vunja vidogo kama punje za mahindi, la sivyo katikati haulowi.

Tofali_Lenye_Jina
Mbona Nanjing haijatajwa? Ukuta wake wa Ming ulikuwa zaidi ya kilomita 35, na 25 hivi bado zimesimama. Haufuati mraba, unafuata mito na vilima. Lango la Zhonghua lina nyua tatu za mtego zikifuatana na mapango 27 ya kuficha askari. Zaidi ya yote, tofali zina mhuri wa wilaya, msimamizi, mchomaji na mfyatuaji. Tofali likiwa bovu, mwenyewe alijulikana. Chokaa kilichanganywa na uji wa mchele wa kunata ili kishike. Na kwa sisi wa pwani: merikebu nyingi za Zheng He, nahodha mkuu wa enzi ya Ming ambaye misafara yake ilifika Malindi, ziliundwa mji huohuo.

Ngazi_za_Chokaa
Ahsanteni. Nanjing ni mbali kwa siku tatu. Je, Pingyao inatosha siku moja?

Reli_na_Ramani
Siku moja na nusu. Lala ndani ya ukuta. Mchana wa kwanza: lango la kusini, ofisi ya wilaya ya kale, kisha Rishengchang, nyumba ya hawala iliyofunguliwa mwaka 1823. Tiketi ya pamoja hufungua ukuta na majumba mengi. Kesho yake asubuhi chukua gari hadi hekalu la Shuanglin, kilomita 6 kusini-magharibi, lenye sanamu za udongo zaidi ya 2,000 zilizopakwa rangi. Beba kurunzi, ndani ni giza.

Mshindilia_Udongo
Usiliache jumba kuu la hekalu la Confucius, la mwaka 1163. Limeuzidi umri ukuta wenyewe kwa miaka 200. Na ukiingia nyumba yoyote yenye ua katikati, inua macho: paa za majengo ya pembeni zina mteremko mmoja tu, wa kuelekea ndani. Mvua yote inaangukia uani kwa mwenye nyumba, na nje mtaani unabaki ukuta mrefu usio na dirisha, mgumu kwa mwizi kuukwea.