Neno λόγος linaonekana kwenye faili, lakini kompyuta hailipati

Swali, kutoka Moshi

Salamu kwenu, ndugu zangu. Nasoma theolojia na ninahariri tasnifu kuhusu sura ya kwanza ya Injili ya Yohana. Maneno mengine ya Kiyunani niliyachapa mwenyewe kwa kibodi ya Kigiriki cha sasa, mengine niliyanakili kutoka mtandaoni, na sehemu iliyobaki alinichapia kijana wa steshenari. Jana nilitafuta neno λόγος (logos, yaani “Neno”) nikaletewa mara 11, ilhali nilipohesabu kwa kidole kwenye karatasi nilipata 29. Nimeyakuza mpaka yakajaa skrini na sioni tofauti hata moja. Je, tatizo ni fonti?

Jibu la kwanza

Pole, ndugu. Zamani fonti nyingi za Kiyunani zilikuwa zikichora tu umbo la λ juu ya herufi l, hivyo ndani ya faili kulibaki Kilatini kitupu. Chagua neno mojawapo lisilopatikana, ulibadilishie fonti. Likigeuka kuwa herufi za kwetu, basi umeshapata jawabu.

Muulizaji

Asante. Nimejaribu kwa maneno matano, na yote yamebaki Kiyunani.

Jibu la pili, kutoka Arusha

Basi fonti haina kosa. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi bali namba yake, na katika Yunikodi, yaani mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, hiyo ό yako inaweza kuandikwa kwa njia tatu ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha.

Kibodi ya Kigiriki cha sasa hutoa namba 03CC (namba hizi huchanganya tarakimu na herufi A hadi F), kwa kuwa tangu mwaka 1982 maandishi rasmi ya Ugiriki hutumia alama moja tu ya mkazo, iitwayo tonos. Matini ya kale yana alama nyingi zaidi, zikiwemo za pumzi na iota ndogo inayokaa chini ya irabu, na herufi zake zilitengewa eneo lao kuanzia 1F00 hadi 1FFF; humo ό yenye mkazo wa kale, oxia, ilipewa namba 1F79. Njia ya tatu ni kuandika omikroni (ο) tupu, 03BF, kisha kuifuatishia alama inayoelea, 0301. Kwa UTF-8, yaani njia ya kuzihifadhi namba hizo ndani ya faili, ya kwanza huchukua baiti mbili, ya pili tatu, na ya tatu nne, kwa hiyo programu inayolinganisha namba peke yake huona maneno matatu mbalimbali.

Kama unatumia Word, weka kasa (kile kistari kinachomemeta unapochapa) mara baada ya ό, ubonyeze Alt pamoja na X, nawe utaiona namba yenyewe.

Yunikodi yenyewe inazitambua njia hizo tatu kuwa ni kitu kimoja, na imeweka utaratibu wa kuzisawazisha uitwao NFC, ambao huzirudisha zote kwenye 03CC. Nakusihi usianze kusahihisha neno kwa neno, kwa sababu katika ἀρχῇ peke yake kuna irabu mbili zenye alama, na hiyo ῇ ya mwisho imebeba mbili kwa pamoja. Sawazisha faili nzima kwanza, ndipo utafute.

Muulizaji

Nimekuta 1F79 kwenye yale niliyonakili mtandaoni. Mdogo wangu ameyapitisha maandishi yote kwenye Python (lugha ya kuandikia programu) kwa NFC, na sasa napata 28. Moja bado linajificha, nalo limo katika kurasa za steshenari.

Jibu la pili

Weka kasa mara baada ya ó ya neno hilo ubonyeze tena Alt na X. Ikitoka 00F3, ni o ya Kilatini yenye mkazo. Hiyo NFC haiigusi, kwa kuwa kwa Yunikodi ni herufi ya alfabeti nyingine kabisa, hata kama wino wake unafanana.

Muulizaji

Ni 00F3 kweli. Nimeifuta, nimechapa ό upya, na yote 29 yamepatikana.