Parisienne ya 1964 yenye injini ya Chevrolet: ni Pontiac au si Pontiac?

Mrithi wa Pangani:

Hamjambo wapenzi wa magari ya zamani. Marehemu baba yangu mkubwa ametuachia Pontiac Parisienne ya mwaka 1964 yenye usukani wa kulia, ambayo imekaa chini ya turubai kwa miaka mingi. Mwezi uliopita niliagiza pampu ya maji kutoka Marekani, nikamweleza muuzaji kuwa gari ni Pontiac ya mwaka huo, ya silinda nane. Ilipofika, fundi wangu wa Kirinyaga Road aliishikiza mbele ya injini, na matundu ya bolti yakakataa kulingana. Akapangusa grisi kwenye sehemu bapa iliyo mbele upande wa kulia, chini ya kichwa cha silinda, akasoma nambari zilizogongwa hapo na kuniambia kwamba hiyo ni injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 283. Sasa nyumbani kuna wanaosema kwamba mzee aliibiwa injini ya asili gereji, na wengine kwamba gari lenyewe ni la kuungaunga. Je, logbuku inayosema Pontiac inasema kweli? Natamani kuliingiza katika Concours d'Elegance, lile shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong, na sitaki kusimama mbele ya waamuzi na jambo nisiloweza kulieleza.

Mwalimu Mstaafu, South B:

Pole kwa kuondokewa na mzee, na tafadhali uwaambie jamaa zako wasimshuku fundi yeyote. Logbuku inasema kweli: hiyo ni Pontiac. Pontiac kubwa zilizoundwa Kanada miaka hiyo zilitumia injini na chesisi za Chevrolet tangu kiwandani. Kabla ya mkataba wa magari ambao Kanada na Marekani zilitia saini Januari 1965, gari zima lililovuka mpaka kuingia Kanada lilitozwa ushuru wa asilimia 17.5, na soko la huko lilikuwa dogo mno kubeba gharama ya kuunda injini za Pontiac na za Chevrolet kando kando. Kwa hiyo kiwanda cha Oshawa, Ontario, cha General Motors, kampuni iliyomiliki chapa zote mbili, kilichukua umbo la Pontiac kikaliweka juu ya mitambo ya Chevrolet, na magari yenye usukani wa kulia kama lako yakauzwa katika nchi za Jumuiya ya Madola.

Unaweza kuhakikisha bila kufungua kitu. Chutama nyuma ya gari, hatua tano hivi, utazame magurudumu: yamezama ndani ya bodi, kama miguu ya mtoto katika viatu vya babake, kwa sababu bodi ilichorwa kwa ajili ya ekseli pana za Pontiac ya Marekani, ilhali ekseli za Chevrolet ni fupi. Kisha ingia chini. Ukiona mihimili inayokutana katikati kama herufi X, hiyo ni chesisi ya Chevrolet; Pontiac Catalina ya Marekani ya mwaka huo ina chesisi inayozunguka pembeni.

Fundi Mkongwe, Industrial Area:

Maelezo ya Mwalimu ni sahihi, lakini hitimisho lake silikubali. Nimefungua injini kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwangu gari ni kile kinacholisukuma. Pontiac ya Marekani ya mwaka 1964 ilikuwa na injini yake yenyewe ya inchi 389, iliyobuniwa na wahandisi wa Pontiac, na ndiyo iliyoipa jina lake heshima. Wapenzi wa magari huko Amerika Kaskazini huziita hizi za Oshawa “Cheviac”, na sioni kosa katika jina hilo. Liingize shindanoni, ila useme wazi kwamba ni Chevrolet iliyovaa nguo za Pontiac.

Dada wa Ruaka:

Mzee wangu, kwa heshima zote, kipimo hicho kitakuangusha ukifika kwa Beaumont, gari jingine la General Motors la Kanada. Mwaka 1964 na 1965 iliuzwa kama Acadian Beaumont, na kuanzia 1966 hadi 1969 ikawa Beaumont tu, chapa inayojitegemea. Mitambo ni ya Chevrolet Chevelle, nembo inafanana na mshale wa Pontiac lakini ina jani la mti wa maple katikati, kama lile la bendera ya Kanada, na waliokuwa wakiiuza ni mawakala wa Pontiac na Buick, ambao walihitaji gari la bei nafuu la kuwauzia wateja wao. Hata hivyo kila mara naona matangazo ya “Pontiac Beaumont”, na wenye magari hayo hukasirika, nami nawaunga mkono: kiwanda hakikuliandika jina la Pontiac kwenye gari hilo. Basi, ikiwa hatuwezi kuipa Beaumont jina ambalo kiwanda hakikuipa, tutawezaje kuinyang'anya Parisienne jina ambalo kiwanda kiliipa? Ford nao walifanya vivyo hivyo huko Kanada. Meteor ya mwaka 1949 ilikuwa Ford iliyobadilishwa sura kwa ajili ya mawakala wa Mercury, chapa nyingine ya Ford, na sijasikia mtu akisema kwamba Meteor haikuwahi kuwapo.

Mrithi wa Pangani:

Ahsanteni sana. Jana jioni nilichutama nyuma ya gari kama Mwalimu alivyoelekeza, na kweli vidole vyangu vinne vilipita kati ya tairi na ukingo wa bodi. Leo asubuhi fundi ameingia chini na tochi, na X ipo. Pampu ya Chevrolet 283 nimeipata hapa hapa mjini. Katika fomu nitaandika Pontiac Parisienne, Oshawa, na kwenye sehemu ya injini nitaandika Chevrolet 283.

Fundi Mkongwe, Industrial Area:

Ukiandika hivyo vyote viwili, sina neno juu ya fomu. Juu ya jina bado nina langu.