Ukili wangu unapinda kama ndizi, nakosea wapi?

mjukuu_wa_wete:
Habarini wakuu. Mimi niko Dar ila bibi yangu yuko Wete, Pemba, likizo iliyopita nimekaa nae wiki tatu nikamng'ang'ania anifundishe kusuka ukili (ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka) maana vidole vyake vimeanza kumuuma, mama hajui, mashangazi hawajui, sisi wajukuu ndo kabisaa, tumekulia mikeka ya plastiki. Nimerudi na mzigo wa ukindu, yale majani ya mkindu ya kusukia, nasuka jioni nikitoka job. Sasa shida, ukili haunyooki, nikiulaza sakafuni unapinda kulia alafu pembeni pale ninapokunja unapasuka pasuka. Nikimpigia bibi anacheka tu, eti "mkono utajua wenyewe". Haujui!! Picha nimejaribu kuweka imegoma.

bimkubwa_mikeka:
Mwanangu, kwanza ukindu wako mkavu, ndo maana wapasuka. Wasuka chini ya feni wewe, sema kweli. Chukua kitambaa, kiloweshe, kikamue, uviringie chane zako, hivyo vipande vyembamba vya ukindu, tangu asubuhi, jioni utazikuta laini. Usizitumbukize kwenye ndoo ya maji, zikishiba maji utasuka vizuri leo, kesho zikikauka zinasinyaa ukili unabaki na matundu kama kifumbu.

Kupinda ni mkono wa kulia wavuta kuliko wa kushoto, upande uliokazwa unakuwa mfupi. Kila baada ya shibiri moja simama, ulaze chini uutazame. Na tazama chane zako, kama moja nene na nyingine nyembamba hata ufanyeje hautonyooka. Mimi nachana kwa ukucha wa dole gumba, binti yangu anatumia sindano, yote sawa bora upana uwe mmoja. Na unapounga chane mpya usiunge zote mahali pamoja, pishanisha, la sivyo hapo ndo utakatika.

Kondoa_mzee wa kazi:
Huku kwetu bara tunasukia milala, majani ya mkoma, wala hayo mambo ya kitambaa hatuna, unanyunyiza maji kwa mkono unaendelea. Ila ni kweli chane ndo kila kitu.

bimkubwa_mikeka:
Milala si ukindu baba. Milala migumu, huku tunaiita miyaa, twafanyia majamvi na makapu. Ukindu ni wa mkeka wa kulalia mgeni.

Kondoa_mzee wa kazi:
Hahaha sawa mama, sisi wageni wetu wamelalia milala na wamerudi tena.

shazia_mkononi:
Mi naongezea la rangi maana utafika huko tu. Ile rangi ya unga ya sokoni tia kwenye maji yanayochemka pamoja na chumvi, alafu ukindu uwe umeanikwa mpaka umekuwa mweupe kabisa, ukitia rangi juu ya ukijani ule utapata rangi ya ajabu ajabu. Wazee walikuwa wanatumia ungamo kwa njano na mdaa kwa nyeusi, siku hizi nani ana muda.

Lingine, ukianza kuuza jihadhari na kipimo. Ukili unauzwa kwa pima, mikono miwili ukiinyoosha, sasa kuna mfanyabiashara mmoja simtaji alikuwa anakuja kununua kwetu na kijana wake mrefuu kama mnazi, yule ndo mpimaji! Mama kasuka pima kumi zake, yule kijana akinyoosha mikono zinakuwa nane na kipande na kipande hakilipwi. Tumekuja kushtuka miezi imepita. Tangu hapo tunapima wenyewe kwa kamba yenye fundo, asiyetaka aende. Na ukiweza usiuze ukili, shona mkeka mwenyewe, shazia moja (ile sindano kubwa ya mikeka) na uvumilivu, huko ndo kuna hela kidogo. Watu wanaona mkeka wanasema ghali, hawajui kuna mtu kaenda kukata makuti machanga bondeni, akachana, akaanika, akatia rangi, akasuka ndo aanze kushona.

mjukuu_wa_wete:
Shikamoo bimkubwa, nilikuwa chini ya feni kweli 😂 umejuaje. Nimefanya ya kitambaa siku nne sasa, pembeni haupasuki tena. Kupinda bado kidogo, nimegundua nikiwa naangalia tivii ndo mkono wa kulia unavuta, nikizima unanyooka.

bimkubwa_mikeka:
Marahaba. Basi zima.

mjukuu_wa_wete:
Update: nimemaliza pima mbili, nikampa mtu anayekwenda Pemba ampelekee bibi. Kanipigia leo, kaupima kwa mikono yake anasema ni mbili na zaidi kidogo, nikamwambia bibi wewe mfupi. Kakata simu.