Mbao za 2x6 za nyumba ya zamani: nazipunguzaje hadi milimita 12?

Mkazi_Shangani: Wakuu, nimepata mbao za 2x6 (inchi) za paa la nyumba iliyobomolewa Mikindani. Nyingi ni mvule, vipande vitatu ni vya mashua. Nataka visanduku na vibao vya kukatia mboga, unene milimita 12. Mwenye mashine ya randa anazikataa, anasema zitamharibia visu. Nianzie wapi, na ubao mmoja utatoa mbao ngapi?

Seremala_Lindi: Ana haki ya kukataa. Sugua kwanza kwa brashi ya waya hadi mchanga na chokaa viishe, maana hivyo huua makali hata pasipo msumari. Kisha pitisha sumaku pande zote nne. Ukiona doa jeusi la samawati, kuna chuma kilichokatikia ndani. Chimbua kwa patasi, ng'oa kwa koleo. Kikigoma, kata sehemu hiyo uitupe. Sumaku haikamati shaba, kwa hiyo macho nayo yafanye kazi.

Hesabu sasa: inchi 2 ni kama milimita 50, ukisafisha nyuso mbili zinabaki kama 46. Msumeno wa duara wenye meno ya milimita 3 ukikata mara mbili kupata mbao tatu unakula 6, kila ubao unabaki na 13 na kidogo. Hiyo haitoshi, kwa sababu mbao zikishapasuliwa hupinda na utahitaji nafasi ya kuzinyoosha. Toa mbili nene, au tafuta msumeno wa mkanda, unaokula milimita moja na nusu tu. Hapo tatu zinawezekana.

Randa_Tupu: Naongeza jambo moja kubwa: kata urefu kwanza, randa baadaye. Ubao wa mita 2 uliopinda utapoteza unene mwingi ukiunyoosha mzima, lakini vipande vya sentimita 40 kila kimoja kina mpindo mdogo. Visishuke chini ya sentimita 30, mashine itavirusha. Baada ya kupasua vipange na vijiti katikati, kivulini, wiki mbili, ndipo umalizie milimita 2 za mwisho, ukiranda pande zote mbili sawasawa.

Na mvule una mawe yake ya chokaa ndani, meupe au ya kijivu, ambayo sumaku haiyaoni kabisa. Ukisikia mlio umebadilika, simamisha mashine. Vumbi lake pia linawasha pua na ngozi, vaa barakoa.

Mkazi_Shangani: Na zile za mashua?

Seremala_Lindi: Usizifanye vibao vya chakula. Sifa (mafuta ya samaki ya kupaka mashua) na shahamu (mafuta ya mnyama) zimezama ndani, harufu haitoki, na gundi haishiki vizuri. Zitumie kwa fremu za picha: randa hadi upate mti safi, futa kwa tina (kiyeyusho cha rangi), paka gundi siku hiyohiyo na uongeze skrubu. Mbao zenye rangi ya zamani nazo usizipige msasa, huenda rangi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.