Jioni ya Sinema ya Bibi: gumzo la kikundi cha ukoo

Shangazi Mdogo, saa 2:05 asubuhi
Assalaam aleikum. Nawakumbusha kwamba Jumamosi baada ya Isha tutamwonyesha Bibi filamu ya Gilda ya mwaka 1946, na kabla haijaanza nitasoma maelezo mafupi ya maisha ya Rita Hayworth, nyota wa filamu hiyo, kwa kuwa Bibi amempenda tangu usichana wake. Niliuliza Jumatatu nani ataleta projekta, na hadi sasa hakuna aliyenijibu.

Shangazi Mdogo, saa 2:50 asubuhi
Kwa kuwa mmenyamaza, naweka maelezo hapa myasahihishe. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1918 akaitwa Margarita Carmen Cansino, na baba yake, mcheza dansi kutoka Hispania, alimpandisha jukwaani angali mdogo. Aliolewa mara tano: mwaka 1937 na Edward Judson, aliyemzidi umri sana; mwaka 1943 na Orson Welles, wakamzaa Rebecca; mwaka 1949 na Aly Khan, wakamzaa Yasmin; mwaka 1953 na mwimbaji Dick Haymes; na mwaka 1958 na mtayarishaji wa filamu James Hill. Ndoa zote tano zilivunjika.

Baba Mdogo wa Tanga, saa 4:12 asubuhi
Tano! Basi amemzidi Kaka Mkubwa kwa moja tu.

Kaka Mkubwa, saa 4:15 asubuhi
Shikamoo Baba Mdogo. Wa tatu na wa nne ni mke mmoja niliyemrejea, kwa hiyo hesabu sahihi ni tatu. Shangazi, huyo Aly Khan si mtoto wa yule Aga Khan aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946?

Shangazi Mdogo, saa 4:31 asubuhi
Ndiye. Walioana Mei 1949 huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, mbele ya meya mkomunisti, na Yasmin akazaliwa Desemba ya mwaka huohuo. Walifika pamoja hadi huku kwetu Afrika Mashariki, lakini mwaka 1953 walitalikiana. Mzee Aga Khan alipofariki mwaka 1957, uimamu wa Waismailia ulimruka Aly ukaenda kwa Karim, mtoto wa Aly kwa mke wake wa kwanza, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Nairobi. Jamani, projekta.

Baba Mdogo wa Tanga, saa 4:33 asubuhi
Mei hadi Desemba ni miezi saba. Mimi sisemi kitu.

Dada wa Mwanza, saa 7:40 mchana
Shikamooni wakubwa, samahani kwa kuchelewa. Naona maelezo yanaishia kwa waume, ilhali linalotuhusu sisi limekuja baadaye. Rita aliugua ugonjwa wa Alzheimer, na kwa miaka mingi watu walidhani ni pombe tu inayomsahaulisha. Aliyemtunza hadi alipofariki New York, Mei 1987, akiwa na umri wa miaka 68, ni Yasmin. Sisi wajukuu tuko kumi na mmoja, na mwaka ule wa paa nilibaki na Bibi miezi minane peke yangu.

Kaka Mkubwa, saa 7:52 mchana
Suala la paa lilikwisha mbele ya wazee.

Dada wa Mwanza, saa 7:53 mchana
Lilikwisha kwenu.

Baba Mdogo wa Tanga, saa 8:10 mchana
Huyo James Hill hana ndugu mwenye projekta?

Babu, saa 2:20 usiku
Nimeyasoma yote. Jana dada yangu aliniita kwa jina la marehemu baba yetu, na nikaitika. Habari za ugonjwa zisisomwe mbele yake. Waume asomewe, maana hao alikuwa akiwataja kwa majina tangu ujana wetu na akiwacheka. Atakayebaki naye baada ya Jumamosi namtaka ajitaje hapa.

Shangazi Mdogo, saa 2:58 usiku
Tumesikia, Mjomba.

Baba Mdogo wa Tanga, saa 3:30 usiku
Nitabaki naye wiki mbili za mwanzo.

Shangazi Mdogo, saa 3:31 usiku
Ahsante, kaka. Na baada ya hizo wiki mbili?

Kaka Mkubwa, saa 5:06 usiku
Projekta nimeipata, ila haina waya wa umeme.