Maharagi marefu yanayopanda miti yamejaa magugu, mafupi hapana. Kwa nini?

Mama Kabare: Jameni, salamu kutoka Bukavu. Kwa shamba langu la Kabare, sezo A hii (msimu wa kwanza wa kupanda) nimepanda maharagi mafupi upande mmoja, marefu yanayopanda miti upande wa pili. Siku moja, udongo mmoja. Sasa mafupi yamefunika ardhi, hakuna pa kupitisha kidole. Kwa marefu, kishona nguo, lile gugu la mbegu zinazoshika nguo, kimejaa kati ya mistari. Ni mbegu mbaya, ama ndivyo yalivyo? Vibarua wa kupalilia wananimaliza.

Papa Jembe: Mama, mbegu haina kosa. Mafupi yanatoa matawi karibu na udongo, na yanapandwa karibukaribu; kivuli kinawahi, gugu changa linakosa mwanga. Marefu nguvu yao ni ya kwenda juu: yanatafuta mti kwanza, chini panabaki wazi. Palilia wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, rudia kabla ya maua. Maua yakitoka, weka jembe chini, utayaangusha. Na umande ukauke kwanza, ukipita kwa majani mabichi yenye maji unasambaza magonjwa.

Yaya Nyangezi: Papa Jembe kasema kweli, ila msisifu mafupi haraka. Yakianza kukomaa majani yanadondoka, mwanga unarudi chini, kishona nguo kinayapita kimo. Siku ya kuvuna, zile mbegu zake nyeusi zinagandama kwa kikwembe mpaka nyumbani. Marefu yanafika mita 2 mpaka 3, gugu gani litayafunika huko? Mimi siwezi kuyaacha.

Mtoto wa Walungu: Kama gugu lenyewe ni ndago, hata kivuli cha mafupi hakitoshi. Toa vile vinundu vyake vya chini ya udongo wakati wa kulima.

Mama Kabare: Aksanti sana. Na miti ya kupandia marefu je? Mikaratusi imepanda bei. Nikiweka mifupi?

Yaya Nyangezi: Hapana, mama. Mti ukiwa mfupi yanajikunja, yanaangukia njiani, hupati pa kukanyaga ukipalilia, na maganda yanayogusa udongo yanaoza. Ukikosa mikaratusi, tumia matete.

Papa Jembe: Ila yakauke kwanza! Matete mabichi ukiyachomeka yanachipuka, na hapo utakuwa umejipandia gugu jipya.