Naomba ushauri: panya katika uvungu wa nyumba majira ya baridi

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaishi Columbus, Ohio, katika nyumba ya mbao ambayo chini ya sakafu yake kuna uvungu wa kutambaa tu, unaopitisha mabomba ya maji na njia za hewa ya joto. Tangu baridi ianze, panya wamehamia humo, wamezichambua nyuzi za kioo za kuhifadhi joto na kujitengenezea viota, na kinyesi chao kimetapakaa kando ya mabomba.

Kwa kuwa panya wa nyumbani hupenya hata tundu la milimita 6, nimeanza kuziba nafasi zinazozunguka mabomba kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha nafunika kwa silikoni. Povu la kuzibia peke yake hulitafuna, tena kwa raha zao. Ninapokwama ni kwenye madirisha madogo ya kupitishia hewa. Je, niyafunge kabisa hadi baridi iishe, au niyawekee wavu mgumu wa chuma, ikizingatiwa kwamba ardhi ya humo haijatandikwa nailoni na unyevu wake unawavutia mende na majongoo? Sumu siitaki, kwa sababu panya akifia nisipofika tutaishi na uvundo huo.

Aidha, aliyewahi kusafisha uvungu wa namna hii anieleze alivaa nini, maana nimeonywa nisifagie kinyesi kikiwa kikavu kwa hofu ya virusi vya hanta, ambavyo mtu huweza kuvivuta pamoja na vumbi la kinyesi cha panya, bali nikiloweshe kwanza kwa maji yenye jiki.